Ng'ombe wa Darasa la Tano

Ijumaa darasa la tano lilikuwa na ng'ombe tele. Jumatatu halikuwa na hata kuku.

Mwalimu Pulchérie alisimama mbele ya ubao, chaki mkono wa kushoto, akauliza swali lile lile la wiki iliyopita, swali ambalo watoto walikuwa wakiligombania mpaka wanapanda juu ya madawati. Nani kwao wamekamua leo asubuhi? Akatazama safu ya mbele, akatazama ya nyuma. Watoto wakainamia meza zao. Akamwita Larissa, msichana mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote, ambaye juzi tu alijigamba kwamba ng'ombe wao anajaza ndoo mpaka povu linamwagika. Larissa akainuka taratibu, akasema kwao hawana ng'ombe. Hawajawahi kuwa naye.

"Sema tena, kwa sauti," Pulchérie akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Hilo lilikuwa neno lake la kila siku. Alilisema mara nyingi mpaka watoto walilibeba nyumbani wakawa wanataniana nalo kisimani, na hata mama zao wakalijua. Larissa akasema tena kwamba kwao hawana ng'ombe, na safari hii machozi yalikuwa karibu.

Mwalimu mwingine angeudhika tu, akafuta ubao, akaendelea na somo. Pulchérie mwili ulimsisimka. Maana kabla hajashika chaki, maisha yake yote ya kazi alikuwa daktari wa mifugo, tena wa tarafa hiyo hiyo ya Nyamyumba, na daktari wa mifugo akisikia kilima kizima ghafla hakina ng'ombe, hesabu zinamtoka kichwani. Anawaza ugonjwa.

Alizaliwa Goma, upande wa Kongo, kama nusu ya wazazi wa watoto wale, na familia yake ikarudi Rwanda yeye akiwa msichana. Akasomea afya ya mifugo, akapewa pikipiki ya ofisi na koti la kijani, akaanza kupanda na kushuka vilima. Watu walimwita Docteur mbele yake. Nyuma yake sijui walimwitaje, lakini mlio wa pikipiki ile ukisikika chini barabarani, milango ya viraro vya ng'ombe ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Si kwamba alikuwa mbaya. Alizalisha ng'ombe wengi kwenye mvua, akiwa amejilaza kwenye tope. Ila pia ndiye aliyefunga soko pakitokea homa, ndiye aliyesema huyu achinjwe, huyu asivuke. Na wenye ng'ombe walimdanganya miaka yote, kwa upole kabisa, huku wamemshika mkono. Amekula nini? Majani tu, Docteur. Ameanza lini? Jana, Docteur. Kumbe ana wiki mbili. Basi akajifunza kutowasikiliza. Alikuwa akifika anasimama kwanza, hasemi kitu, anamwangalia mnyama: masikio, pua, ubavu unavyopanda na kushuka. Maneno ya mwenye nyumba aliyaacha mpaka mwisho, na hata hapo aliyapokea kwa shingo upande.

Halafu fahali mmoja akambana kwenye nguzo ya zizi, bega la kulia likasagika. Hospitali walilishona, likashonekana, lakini mkono haukupanda tena juu ya kifua. Mkono usioweza kuingia ndani ya ng'ombe ni wa kazi gani kwenye kazi ile? Ofisini walimpa kiti. Alikaa kwenye kiti kile akaona atakufa kwa hasira. Aliposikia shule ya msingi iliyo juu ya barabara ya Rubona inatafuta mtu wa kushika nafasi ya mwalimu wa hesabu na sayansi aliyekwenda kujifungua, akaenda mwenyewe kuomba. Remplaçante, wakamwita. Mwalimu wa muda.

Na akaipenda. Hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala kama zimelewa, na watoto wakamcheka, naye akacheka nao. Tena kukawa na habari njema: yule mwalimu mwenye nafasi mume wake amehamishiwa Kigali, huenda asirudi. Siméon, mkuu wa shule, alimwambia waziwazi kwamba wazazi wakimkubali mpaka mwisho wa muhula, atapeleka jina lake liwe la kudumu. Pulchérie alilala usingizi mzuri siku ile kwa mara ya kwanza tangu aumie. Hakuwa na pa kwenda pengine, na hakutaka pengine.

Sasa sikiliza kosa lake, na hakuliona kabisa. Huku kwetu mtu hamuulizi mwenzake ana ng'ombe wangapi. Unamsalimu kwa kumtakia makundi, unamwambia Amashyo, naye anakuitikia kwa kukutakia majike, Amashongore, mambo yanaishia hapo. Idadi ni ya mwenye nyumba na Mungu wake. Pulchérie alilelewa hivyo hivyo. Lakini kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ni kuuliza lile lisiloulizwa, na ulimi ukazoea. Basi alipotaka watoto waelewe kuzidisha, aliwauliza maziwa ya kwao: asubuhi lita ngapi, jioni lita ngapi, kwa wiki je? Alipofundisha sayansi alichora ng'ombe ubaoni, na kwa mazoea ya mkono akamchorea na hereni sikioni, ile ya plastiki yenye namba. Akauliza nani amewahi kuona hereni kama hii. Vidole vikainuka. Akauliza nani amewahi kuona ng'ombe asiye nayo. Vidole vikainuka tena, na Larissa alisimama kabisa ili aonekane.

Jioni ile watoto walifika nyumbani na hadithi. Na mwalimu mwenyewe alikuwa bado anavaa koti la kijani la ofisi, kwa sababu ya mvua. Alama ya ofisi alikuwa ameibandua, lakini nyuzi zilibaki, mduara wake ukionekana kutoka mbali.

Siméon alikuwa mtu wa tahadhari, mtu anayefunga mlango kabla ya kukohoa. Alimwita ofisini Jumatatu ile ile, akazungukazunguka, akasifu mwandiko wake wa kushoto, mwishowe akamuuliza kama kuna mtu aliyemtuma pale shuleni. Pulchérie hakuelewa. Siméon akaeleza kwamba wazazi wananong'ona. Wanasema daktari hakuacha kazi, amebadilisha tu mlango wa kuingilia. Wakubwa walishindwa kuhesabu mifugo kwa kupitia wazazi, sasa wanahesabu kwa kupitia watoto. Mama yake Larissa, Nyirahabimana, ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote, mbele ya watu pale senta, penye maduka.

Pulchérie alikasirika mpaka bega likamuuma. Yeye? Mpelelezi? Alitoka mle ofisini bila kuaga. Lakini alipofika kwenye migomba... la, hata hakufika mbali, alikuwa bado kwenye ngazi za shule, wazo jingine likamjia, na lilimkalia vizuri zaidi kuliko lile la Siméon. Ni nani anayelalamika kwamba anapelelezwa? Mwenye cha kuficha. Watu hawa aliwajua. Aliwahi kuambiwa kila uongo unaoweza kusemwa juu ya mnyama, na uongo wa sasa aliona ni ule ule, umevalishwa nguo nyingine. Siméon alikuwa amempa ukweli mkononi, naye akautupa.

Akaanza kuangalia. Badala ya kupanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi mjini, akawa anateremka kwa miguu mpaka Rubona, akipitia nyumba za watoto wake. Watoto waliokuwa wakipita jioni na mafurushi ya majani kichwani hawakuonekana tena barabarani; aliwaona mbali, wanakata kona kupitia kwenye migomba. Mbuzi waliokuwa wamefungwa kando ya mifereji hawakuwepo. Malango mawili yalikuwa yamemwagiwa majivu mapya, na majivu langoni yeye alijua ni dawa ya wafugaji ya kuzuia ugonjwa wa mifugo. Na salamu zilikuwa tamu mno. Watu waliokuwa wanamsalimu kwa kichwa tu sasa walisimama, wakauliza bega, wakauliza jamaa zake wa Goma, wakatembea naye hatua chache mpaka apite kwao. Miaka mingi nyuma, kwenye kilima kingine, alimwamini mwenye ng'ombe mmoja mwenye salamu tamu kama hizo, akachelewa, na kilima kile kilibaki bila ng'ombe hata mmoja. Alikuwa bado anawaota ng'ombe wale.

Jumatano akaenda kwa Nyirahabimana. Alijiambia ni kwa ajili ya maendeleo ya Larissa.

Nyirahabimana alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya sokoni, aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi na nyanya na kurudi na vitenge. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili. Alitoa kiti, akakiweka mwenyewe mlangoni pa nyumba, mgongo wa mgeni ukielekea jiko la nje. Akatoa Fanta. Akafungua redio. Wakazungumza juu ya Larissa, kwamba ana akili, kwamba anaongea mno. Pulchérie alikunywa taratibu. Kiraro kilikuwa kimefagiliwa kikawa kitupu, lakini kilifagiliwa asubuhi ile ile, alama za ufagio zilikuwa bado mbichi. Na jiko la nje lilikuwa linatoa moshi mzito, saa ambayo hakuna anayepika, wala hakuna harufu ya chakula.

Hapo ndipo aliposikia. Kikohozi. Kikavu, kirefu, kikatulia, kikarudi. Kilitoka jikoni, na hakikuwa cha mtu. Pulchérie hakugeuka. Aligeuza kichwa kidogo tu, sikio likaelekea kule. Nyirahabimana akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Mapafu, Pulchérie alijiambia akiwa njiani. Ni homa ya mapafu, tena wamemfungia ndani, tena wanafukiza. Kila alama ilikuwa mahali pake. Angeweza kuwaza kwamba ng'ombe yeyote akifungiwa jikoni na moto wa kuni mbichi atakohoa. Hata mwanafunzi wake wa darasa la tano angeliwaza hilo. Yeye hakuliwaza, kwa sababu alikwenda pale akitafuta ugonjwa, na alipata cha kumtosha.

Akampigia simu Mbonigaba, kijana aliyerithi pikipiki yake, ambaye Pulchérie mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwambia anashuku mapafu, akamwomba apite tu, kimya kimya, kama mtu wa chanjo, aanzie nyumba zilizo chini ya shule. Asitaje jina lake. Mbonigaba akasema hawezi kulitaja, Docteur, hata kidogo. Baada ya kukata simu Pulchérie alijisikia safi, alijisikia mtu aliyetimiza wajibu wake. Nasema alivyojisikia, simtetei.

Mbonigaba hakuja kimya kimya. Alikuja Alhamisi na lori, kwa kuwa neno mapafu halimruhusu mtu kuja na pikipiki. Watoto walikuwa darasani, wakasikia lori likipanda, wote wakageuka dirishani kwa pamoja. Larissa aliruka dawati, akatoka mbio bila kuomba ruhusa. Pulchérie hakumzuia. Aliendelea kuandika ubaoni kitu ambacho baadaye hakukikumbuka.

Jioni Mbonigaba akampigia. Ng'ombe ni mzima, akasema. Amempima homa, amesikiliza kifua pande zote mbili, hakuna kitu. Ni moshi tu, Docteur, walikuwa wamemwekea moto ili harufu yake isitoke. Ila sikio halina hereni, halina hata tundu. Ametoka upande wa pili wa mpaka, na msimu ule wanyama wa upande wa pili walikuwa wamepigwa marufuku kuvuka. Kaka yake Nyirahabimana alikimbia vita na ng'ombe huyo mmoja tu kati ya wote aliokuwa nao, akavuka naye usiku kwa njia za mashambani, akamwachia dada yake, yeye akaendelea kwenda kutafuta kibarua. Pulchérie akauliza kama hawezi kumwacha. Mbonigaba akasema lori limeshaondoka naye, na watu wote waliona. Mnyama wa namna hiyo harudishwi, huchinjwa. Pulchérie aliyajua hayo vizuri kuliko Mbonigaba, kwani ndiye aliyemfundisha.

Usiniulize alilalaje.

Kesho yake senta nzima ilikuwa na swali moja: nani alisema? Na jibu lilipatikana haraka, maana jibu lilikuwa linatafutwa. Dauda. Dauda alikuwa na bucha ndogo ya mbuzi pale njia panda, mtu mpole, msafi, mwenye ndugu wengi Goma. Mbonigaba alikuwa akipita kwake kila wiki kukagua nyama, wanakunywa chai pamoja. Siku ya lori mbuzi wa Dauda hawakuguswa. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba mbuzi wa Dauda walikuwa na karatasi zao zote. Kufikia jioni wanawake walikuwa wanapita mbele ya bucha yake wakitazama upande mwingine, na mtu alikuwa amemwaga maji machafu ya vyombo kizingitini pake. Nyama ilining'inia mpaka ikaanza kukauka.

Siméon naye alimwita Pulchérie, safari hii anatabasamu. Alimwambia wazazi wamefunguka macho, wameona kwamba mwalimu hana hatia, aliyekuwa akiwauza ni mwingine. Wanaona aibu kwa waliyomfikiria. Jumatatu atapeleka jina lake. Pulchérie alisema asante. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya kulitoa aliogopa kwamba la pili halitatoka.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Kilima kizima kilishuka na majembe kuzibua mfereji wa barabara ya shule, na kazi ilipokwisha watu wakakaa kwenye majani kwa kikao, tope miguuni. Yakasemwa ya maji, yakasemwa ya bima ya afya. Halafu Nyirahabimana akasimama, akaomba neno. Watu walidhani atamlilia ng'ombe wake, au atamvaa Dauda, aliyekuwa amesimama peke yake nyuma kabisa, ameegemea jembe. Hakumtazama Dauda. Alimtazama Pulchérie.

"Mwalimu," akasema, "mi nilisema mbele ya watu kama we ni mutu wa kutumwa. Leo niko mbele ya watu wale wale. Kama nilikuwazia mubaya, unisamehe."

Watu wakapiga makofi. Nyirahabimana hakukaa. Alibaki amesimama, mikono imeshika mpini wa jembe, anamngoja.

Ningependa kukuambia kwamba Pulchérie alisimama akasema. Kinywa alikifungua. Aliona darasa lake, aliona ubao na herufi zake zilizolala, aliona kile kiti cha ofisini. Akamwona Dauda kule nyuma. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Hakuna neno, mama," akasema.

Ndipo Nyirahabimana akakaa. Dauda akaweka jembe begani, akaondoka kabla kikao hakijafungwa, na hakuna aliyemwita.

Jumatatu darasa la tano lilikuwa na ng'ombe tena. Pulchérie alikuwa ameandika hesabu za kutoa za viazi, viazi vitupu, lakini mtoto mmoja wa mbele akaomba wafanye za ng'ombe kama zamani, na wengine wakadakia. Kwetu wawili. Kwetu mmoja na ndama. Kwetu anakamuliwa shangazi wa ndama, mama yake ndama ana mimba. Walisema kila kitu, hata ambacho hakikuulizwa, wamemwamini kabisa, na kila kidole kilichoinuka kilimchoma. Angewafunga midomo kama angejua namna.

Larissa akainua mkono wa mwisho. Alikuwa hajasema kitu tangu siku ile ya lori.

"Kwetu ilikuwa moja," akasema. "Imetoka moja. Inabaki sifuri."

Halafu akaongeza, kama mtu aliyekuwa karibu kusahau, kwamba mama amemwambia mbele ya mwalimu anaweza kusema.

Pulchérie hakumwambia aseme tena. Wa nyuma walikuwa wamesikia. Alifuta ubao kwa mkono wa kushoto, polepole, kuanzia juu mpaka chini, na alipomaliza alimwambia Larissa amwarifu mama yake asitoke jioni ile. Kisha wakati wa mapumziko akaenda kwa Siméon, akamwomba asipeleke jina lake kwanza. Siméon akauliza kwa nini. Akamjibu kwamba sababu ataisikia leo leo, na hataisikia kutoka kwa Pulchérie peke yake.

Nyirahabimana alimtolea kiti kile kile. Safari hii alikiweka kikiwa kimeelekea jiko la nje. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, moto umezimwa, ndani hamna kitu. Redio ilikuwa kimya. Fanta ilikuja, ikawekwa chini karibu na mguu wake, akaiacha hapo.

"Mama Larissa," akasema, "aliyempigia simu Mbonigaba si Dauda. Ni mimi."

"Najua," Nyirahabimana akasema.

Pulchérie alimtazama. Nyirahabimana alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anachambua maharage kwenye ungo, na mikono yake haikusimama.

"Ile siku ngombe ilikohoa, niliona sikio yako inageuka. Mutu mwengine hawezi kusikia vile. Mi njo niliwasha moto ule, bon, kosa langu hiyo. Lakini niliona sikio yako. Jumamosi nikasimama mbele ya watu, nikakungoja. Watu wanapiga makofi, mi nakungoja. We ukasema hakuna neno."

Pulchérie aliuliza kwa nini hakumtaja. Alikuwa na haki. Watu wangemfukuza siku ile ile.

"Nikutaje, donc basi na mi nimekupakia kwenye lori," Nyirahabimana akasema. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Leo asubuhi nikamutuma mutoto. Nikasema, kama huyu iko na moyo, kwa mutoto hatapita bila kusema."

Pulchérie alilia hapo. Alilia kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya kaka mtu aliyevuka naye usiku ule mashambani, na alijililia mwenyewe pia, kwa sababu darasa aliliona linamtoka mikononi. Nyirahabimana alimwacha alie. Hakumbembeleza. Alipomaliza maharage yake alisimama, akajifunga kitenge upya.

"Kwangu umemaliza," akasema. "Mi si njo wanamwagia maji muchafu kwa mulango. Kunywa Fanta yako, twende."

Wakapanda pamoja mpaka senta, Larissa nyuma yao. Ilikuwa saa ile watu wanarudi kutoka Rubona, minibasi zinashusha, moto zinapiga honi, wanawake wanalinganisha bei za dagaa wa ziwani. Mbele ya bucha ya Dauda palikuwa patupu kama siku zote tangu lori. Lakini watu walipomwona Nyirahabimana anasimama pale, tena na mwalimu, walipunguza mwendo. Wengine wakasimama kabisa, mbali kidogo, wakijifanya wanangoja chenji. Wengi walikuwa wazazi wa darasa la tano. Siméon alikuwa miongoni mwao, mfuko wa sukari mkononi.

Dauda alikuwa anafuta meza isiyokuwa na damu. Pulchérie alisimama mbele yake, mkono wa kulia umening'inia. Akamsalimu. Akamwambia kwamba ni yeye aliyepiga simu, kwamba alidhani ni ugonjwa na haukuwa ugonjwa, kwamba Jumamosi alimwona akibebeshwa mzigo wake na akanyamaza, na kwamba amekuja kumwomba msamaha. Alisema yote, lakini alisema chini, kifuani, karibu na meza.

Dauda aliendelea kufuta. Kisha akakikunja kitambaa, akakiweka pembeni, akainua macho, akawatazama wale waliokuwa wamesimama barabarani.

"Sema tena, Mwalimu," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Pulchérie akageuka, akawaelekea wazazi wa darasa la tano, akasema tena, kwa sauti.